Chungu Chenye Povu: Uanze na Kodeksi Ipi Kusoma Picha za Octli?

Kwenye jani la 71 la Kodeksi Mendoza, kitabu cha kale cha picha kilichochorwa kwa mkono, upande wa mbele, kuna bibi kizee ameketi anakunywa. Kinywaji chake, kileo kiitwacho octli, kimefura povu jeupe mpaka ukingoni. Ukurasa huohuo una kijana wa kiume na kijana wa kike waliohukumiwa kufa, na kosa lao ndilo hilo ambalo bibi analifanya mbele za watu bila hofu yoyote: kulewa. Nimeurudia ukurasa huu kuliko ukurasa mwingine wowote wa maandishi ya picha ya Wanahua wa Meksiko, wasemaji wa Kinahuatl, ambao Waazteki ni miongoni mwao. Karibu kila ninayemwonyesha huuliza swali moja: na mimi nikitaka kujifunza kuzisoma picha hizi, nianze na kitabu kipi?

Swali hilo lina uzito wake, kwa sababu vitabu ni kadhaa na havifanani. Ukianza na kile kisichokufaa utachoka mapema na kudhani somo lenyewe ndilo gumu. Hapa naviweka vinne pamoja: Kodeksi Mendoza, Kodeksi Magliabechiano, Kodeksi ya Florence na Kodeksi Borbonicus.

Kwanza, kinywaji chenyewe

Octli, ambayo Wahispania waliiita pulque, ni kileo cha utomvu wa mmea wa metl. Msomaji wa Tanga au Kilosa hana haja ya kufikiri mbali, kwa maana metl ni ndugu wa mkonge. Mkonge wetu nao asili yake ni Meksiko: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani. Aina ya metl inayotoa octli ni kubwa zaidi, majani yake ni manene na yamejaa maji. Huishi miaka saba, kumi au zaidi kabla ya kuchomoza shina la maua, na ikishachanua hufa, kama mkonge unavyokufa.

Mgema wa Meksiko huuwahi mmea kabla haujachanua. Akiona shina linakaribia kutoka, hukata kiini cha mmea, hukichimba shimo na kulikwangua kuta zake, utomvu ukajikusanya humo. Asubuhi na jioni huufyonza kwa kibuyu kirefu chembamba, na kazi hiyo huendelea miezi. Utomvu ukiwekwa huchacha wenyewe. Aliyewahi kuona kibuyu cha mgema wa mnazi kikitoa povu jua linapopanda, au ulanzi wa Iringa ukibadilika kutoka utamu kwenda ukali, ameshaielewa nusu ya alama tutakayoitafuta. Mchoraji wa Kinahua, tlacuilo, hakuwa na njia ya kuchora ladha wala harufu, basi alichora povu.

Tukumbuke pia kwamba kwa Wanahua kuchora na kuandika lilikuwa tendo moja. Walikuwa na usemi wa "wino mweusi, wino mwekundu", maana yake maandishi na elimu. Chungu chenye povu kwenye ukurasa wao si pambo. Kinasema jambo, na jambo hilo hubadilika kufuatana na mahali kilipowekwa.

Vigezo nilivyotumia

Kila kitabu nimekipima kwa mambo matano. La kwanza ni mkono: nani alichora, lini, kwa ajili ya nani. La pili ni alama: kinywaji kinaonekanaje na utakitambuaje. La tatu ni maneno yaliyoandikwa kando ya picha, kwa kuwa mara nyingi hayo ndiyo yanayomwongoza mgeni, na mara nyingine ndiyo yanayompoteza. La nne ni urahisi wa kukipata. La tano ni mtu anayefaa kuanza nacho.

Nimeacha kwa makusudi vitabu vya Wamixteki, ingawa vina picha nzuri mno za kileo hiki, kwa kuwa lugha yao ni nyingine. Nimeuacha pia mchoro mkubwa wa ukutani wa Wanywaji ulioko Cholula, wenye urefu wa zaidi ya mita 50, kwa kuwa ni wa karne nyingi kabla ya vitabu hivi. Anayependa picha za kunywa na autafute, hatajuta.

Kodeksi Mendoza

Mkono. Ilichorwa mjini Meksiko takriban miaka ya 1540, yapata miaka ishirini baada ya Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, kuangukia mikononi mwa Wahispania mwaka 1521. Jina lake linatokana na Antonio de Mendoza, mwakilishi wa mfalme wa Hispania. Wachoraji ni Wanahua, karatasi ni ya Ulaya, na msomaji aliyekusudiwa alikuwa ng'ambo. Haikumfikia. Iliangukia mikononi mwa Wafaransa, mwanajiografia André Thevet akaandika jina lake na mwaka 1553 ndani yake, kisha ikavuka kwenda Uingereza, na tangu 1659 iko katika Maktaba ya Bodleian, Oxford.

Alama. Hii ndiyo nguvu yake kubwa. Mistari ni safi, rangi hazina kivuli, kila kitu kimesimama peke yake kama neno katika sentensi. Fungua jani la 61, kwenye harusi. Bibi harusi ameletwa usiku akiwa amebebwa mgongoni, wanawake wamemzunguka na mienge. Kisha yuko mkekani na bwana harusi, pindo la vazi lake limefungwa fundo na pindo la vazi la mumewe. Wazee wamekaa pande zote mbili. Karibu yao kuna chakula, chungu cha octli na kikombe chake. Kila ninapoutazama ukurasa huu namwona tlacuilo akijibu swali ambalo hakuna aliyemwuliza: harusi ni nini? Harusi ni mkeka, fundo, wazee, chakula na chungu. Ukiondoa chungu, sentensi inabaki na pengo.

Kutoka hapo nenda jani la 71 na uone chungu kilekile kikisema neno lingine. Kwenye harusi ni baraka. Kwa vijana ni hukumu ya kifo. Kwa bibi na babu wa miaka sabini ni haki waliyoifikia kwa umri wao na kwa kuwa wamezaa watoto na kupata wajukuu. Alama ni moja, sheria ni tatu, na mchoraji hakuhitaji kubadilisha chochote ila watu waliokizunguka chungu.

Kuna na somo dogo la majina ya miji. Tepoztlan, mji ambao mungu wake Tepoztecatl alikuwa mmoja wa miungu ya octli, umeandikwa kwa shoka la shaba juu ya mlima. Lishike shoka hilo akilini, tutakutana nalo tena.

Maneno. Kila picha ina maelezo mafupi ya Kihispania, na kurasa za maelezo marefu zinafuatana na za picha. Mwandishi wa maelezo alilalamika mwishoni kwamba alipewa kazi siku kumi tu kabla ya meli kuondoka, na haraka hiyo inaonekana. Octli anaiita divai, neno la nyumbani kwao. Msomaji asiyejua ataona "divai" na kufikiria zabibu.

Kuipata. Ni rahisi. Picha zake ziko mtandaoni kwa ubora mkubwa, kutoka Oxford na pia kutoka Meksiko, ambako taasisi ya taifa ya mambo ya kale ilitengeneza toleo la kidijitali mwaka 2015.

Inamfaa anayeanza kabisa, mwalimu anayetaka picha ambazo mwanafunzi ataelewa bila hotuba ndefu, na yeyote anayevutwa na sheria na maisha ya nyumbani. Haimfai sana anayetafuta miungu. Mendoza iliandikwa kueleza dola na raia wake, dini inapita pembezoni.

Kodeksi Magliabechiano

Mkono. Nayo ni ya karne ya 16 na imechorwa kwenye karatasi ya Ulaya. Wataalamu wanaiweka katika ukoo wa vitabu vilivyonakiliwa kutoka chanzo kimoja kilichopotea, na Kodeksi Tudela iliyoko Madrid ni ndugu yake. Kwa hiyo unapoitazama unatazama nakala. Iko Florence, Italia, katika Maktaba Kuu ya Taifa, na imebeba jina la Antonio Magliabechi, mkutubi wa akina Medici, watawala wa Florence.

Alama. Hapa chungu kinarudi nyuma, mungu anakuja mbele. Wanahua walisema octli ina sungura mia nne, na mia nne katika hesabu yao ni namna ya kusema "wasiohesabika". Sungura hao ni miungu ya kileo, mmoja kwa kila namna ya kulewa. Magliabechiano inawapanga mmoja ukurasa huu, mwingine ukurasa ule: Tepoztecatl, Papaztac, Yauhtecatl, Tezcatzoncatl, Pahtecatl na wenzao. Yumo pia Mayahuel, mama wa metl.

Ukiwatazama mfululizo unaanza kuona sare. Nyuso zao zimegawanywa kwa rangi nyekundu na nyeusi. Puani wana pambo la umbo la mwezi mwandamo, yacametztli. Wengi wameshika shoka, na hapa lile shoka la Tepoztlan linarudi. Pambo la puani ndilo la kukariri kuliko yote, kwa kuwa katika vitabu vya Wanahua hujitokeza hata bila mungu, likiwa limechorwa kwenye chungu, kwenye ngao au kwenye nguo. Mwezi mwandamo ukiwa juu ya chungu, kilichomo ni octli. Povu peke yake halitoshi kukuhakikishia, na sababu nitaieleza mbele.

Mbali na miungu, kwenye jani la 85 kuna watu wanaokunywa kwa pamoja. Ni ukurasa mzuri wa kuweka sambamba na bibi wa Mendoza: kule mtu mmoja na haki yake, huku kundi zima na chungu chao.

Maneno. Mpangilio ni rahisi kufuata, picha ukurasa mmoja na maelezo ya Kihispania ukurasa unaoelekeana nao. Tatizo ni moyo wa aliyeandika. Kwenye picha ya Tepoztecatl anasimulia kwamba mtu wa mji huo akifa amelewa, wenzake walimfanyia sherehe kubwa wakiwa na mashoka ya shaba mikononi, na jambo lenyewe analiita uovu mkubwa. Mimi huisoma habari hiyo kwa shukrani na kwa uchungu pamoja. Bila yeye tusingejua habari za mashoka ya shaba. Lakini watu wa Tepoztlan walikuwa wakimzika mwenzao kwa heshima ya mungu wa mji wao, na hukumu ya mgeni imegandishwa juu ya maiti ile kwa karibu miaka mia tano. Soma picha kwanza, maneno baadaye, ndivyo ninavyomshauri kila anayeifungua.

Kuipata. Mtafiti Zelia Nuttall aliitoa kwa nakala ya picha mwaka 1903, na nakala za picha zake zinapatikana mtandaoni. Ubora wake hutofautiana, nyingine zina rangi zilizopauka.

Inamfaa msanii, mshonaji au mbunifu anayetaka kujua mavazi, mapambo na rangi, na mtu anayependa elimu ya dini za kale. Inamfaa pia mwenye jicho la kulinganisha, kwa maana mfululizo wa miungu inayofanana lakini si sawa ni shule bora ya macho. Anayetaka kujua nani alikunywa, lini, na kwa kiasi gani, atapata kidogo.

Kodeksi ya Florence

Mkono. Kazi hii ina vitabu 12. Msimamizi wake ni Bernardino de Sahagún, padri Mfransisko aliyefika Meksiko mwaka 1529, lakini kwa haki isitajwe bila Wanahua walioiandika, akina Antonio Valeriano, Alonso Vegerano, Martín Jacobita na Pedro de San Buenaventura, pamoja na wachoraji ambao wengi hatuna majina yao. Walihoji wazee, kwanza huko Tepepulco, sehemu ambayo mpaka leo ni nchi ya metl, kisha Tlatelolco na mjini Meksiko. Nakala hii ilikamilika Tlatelolco mwaka 1577, wakati maradhi ya mlipuko yakiwamaliza watu wa nchi ile. Baadhi ya wachoraji walifanya kazi huku wakizika ndugu zao, na sehemu za mwisho zina picha nyingi zisizotiwa rangi.

Alama. Picha ni karibu 2,500, ila ukitoka Mendoza utashtuka. Zimevaa Ulaya: kuna vivuli, milango yenye tao, mawingu na vilima nyuma. Chungu kipo, povu lipo, wanywaji wapo, lakini wamo ndani ya mandhari, hawakusimama tena kama neno. Wengine huziona picha hizi kuwa dhaifu kwa sababu hiyo. Sikubaliani nao. Mchoraji aliyejua mikono miwili, wa babu zake na wa wageni, alikuwa akiongea lugha mbili kwa kalamu moja, na hilo nasi tunalijua vizuri.

Maneno. Hapa hakuna kitabu kinachoikaribia. Safu ya kulia ni Kinahuatl, safu ya kushoto ni Kihispania, na picha mara nyingi zimekaa kwenye safu ya kushoto, mahali ambapo tafsiri ni fupi kuliko maneno ya asili. Kitabu cha 4, kinachohusu siku na bahati, kinaeleza siku ya Ome Tochtli, Sungura Wawili: aliyezaliwa siku hiyo alihofiwa kuwa mlevi maisha yake yote. Kisha kinafuata mmoja mmoja wale sungura mia nne. Kuna anayelewa akalala. Kuna anayelia. Yuko anayeimba, yuko anayetafuta ugomvi, yuko anayemshuku mkewe. Kwa kila mmoja husemwa kwamba huyo ndiye sungura wake. Kila aliyeishi karibu na kilabu cha pombe atawatambua wote.

Kitabu cha 10, sura ya 29, kina habari iliyo tamu kuliko zote. Zamani sana, wazee wao wakiwa Tamoanchan, mahali pa masimulizi yao ya kale, mwanamke aitwaye Mayahuel ndiye aliyegundua jinsi ya kumtoboa metl na kupata utomvu, na Pahtecatl ndiye aliyegundua mzizi wa kuutia nguvu. Octli ilipotengenezwa mlimani ilitoa povu, na mlima ukaitwa Pozonaltepetl, Mlima wa Povu. Wakaalikwa wakuu wote, kila mmoja akapewa vikombe vinne. Mkuu wa Wahuasteki, watu wa kabila jingine, hakutosheka na vinne, akanywa cha tano, akalewa, akalitupa vazi lake la kiunoni mbele ya watu. Alipozinduka aliona aibu, akaondoka na watu wake wote. Basi ukiona vikombe vinavyohesabiwa kwenye maandishi ya Wanahua, kumbuka kwamba nne ni heshima, tano ni kuvuka mpaka.

Kuipata. Asili iko Florence, katika Maktaba ya Medicea Laurenziana. Tangu 2023 Taasisi ya Utafiti ya Getty imeiweka yote mtandaoni, ukurasa kwa ukurasa, na unaweza kutafuta kwa neno. Kwa msomaji wa Kiswahili kikwazo ni lugha, maana tafsiri ziko kwa Kiingereza na Kihispania.

Inamfaa anayetaka kusikia watu wakieleza kinywaji chao kwa maneno yao, mwandishi wa hadithi, mtafiti wa lugha, na mtu wa afya au dini anayechunguza jinsi jamii ilivyoutazama ulevi. Kwa anayetaka kujifunza alama zenyewe, umbo kwa umbo, itamchanganya ikiwa ndiyo ya kwanza.

Kodeksi Borbonicus

Mkono. Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na mkono wa kale. Imechorwa kwenye karatasi ya magome ya mti, amatl, iliyokunjwa kama feni, yenye urefu wa takriban mita 14. Wengine huiona ni ya kabla ya Wahispania, wengine huiweka katika miaka ya mwanzo baada yao. Kati ya kurasa 40 zimebaki 36, mbili za mwanzo na mbili za mwisho zimepotea. Iko Paris, katika maktaba ya Bunge la Ufaransa, na jina lake linatokana na jumba la Bourbon, makao ya Bunge hilo.

Alama. Sehemu ya kwanza ni tonalamatl, kitabu cha siku 260 zilizogawanywa katika mafungu ya siku 13, kila siku ikitajwa kwa namba na moja ya alama ishirini. Kila fungu lina ukurasa wake: picha kubwa ya mungu anayelitawala, na visanduku vidogo vya siku vikiizunguka chini na upande wa kulia. Mayahuel anatawala fungu la nane, linaloanza na siku ya Malinalli Mmoja, naye ametokeza katika mmea wake wa metl. Fungu la 11, linaloanza na Ozomatli Mmoja, ni la Pahtecatl. Kwenye kurasa hizi octli haiko peke yake. Imezungukwa na alama nyingine nyingi, zote zikiongea kwa wakati mmoja, na msomaji wa zamani alizisoma kwa mdomo mbele ya mzazi aliyeleta mtoto mchanga apewe jina.

Ukurasa wa kwanza uliosalia ni wa fungu la tatu, linaloanza na Mazatl Mmoja. Siku ya pili ya fungu hilo ni Sungura Wawili. Yaani siku ya walevi, ile inayoelezwa kwa urefu katika Kitabu cha 4 cha Florence, imo hapa ndani ya kisanduku kimoja kidogo chenye kichwa cha sungura na nukta mbili. Nilipozikutanisha sehemu hizi mbili kwa mara ya kwanza nilielewa mchoraji aliweza kunyamaza kiasi gani akiwa na hakika kwamba msomaji wake anajua.

Maneno. Kuna vijimaandishi vifupi vya Kihispania vilivyoongezwa baadaye, havikusaidii sana. Hiki ni kitabu cha kusomewa na mjuzi.

Kuipata. Imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, na kuna nakala za vitabu tangu mwishoni mwa karne ya 19. Rangi zake bado zina nguvu.

Inamfaa aliyekwisha kukariri alama ishirini za siku, au aliye tayari kukaa wiki kadhaa kuzikariri. Inamfaa pia mpenda sanaa anayetaka kuona ukurasa uliojaa kama kanga yenye pindo, mji na jina. Mgeni kabisa ataona uzuri bila kusikia neno.

Tahadhari inayohusu vyote

Nilisema povu halitoshi. Wanahua walipenda povu la kakao pia. Kakao ilimiminwa kutoka juu, chombo hadi chombo, ili ipate povu, na hicho kilikuwa kinywaji cha wakuu. Kwa hiyo chombo chenye povu mbele ya mtu aliyevaa vizuri si lazima kiwe octli. Tafuta ushahidi wa pili: mwezi mwandamo, sungura, metl, au maneno ya pembeni. Ukikosa vyote, acha swali wazi kwenye daftari lako.

Uchague vipi

Ukiwa mwalimu na una kipindi kimoja tu, chukua Mendoza, jani la 61 na la 71, uwaonyeshe wanafunzi bila kueleza, uwaulize chungu kinasema nini kila mahali. Wataona wenyewe.

Ikiwa unachora, unashona au unabuni, anza na Magliabechiano, kisha uende Borbonicus kuona mapambo hayohayo yakiwa kwenye ukurasa mpana. Ukienda kinyume utapotea katika wingi wa alama.

Kama lugha ndiyo inayokuvuta, au unaandika hadithi, kaa na Florence. Usijaribu kuisoma yote. Kitabu cha 4 kwenye sura za Sungura Wawili na Kitabu cha 10 sura ya 29 vitakutosha mwezi mzima.

Mwenye kuchunguza vinywaji vya kugema, awe mtu wa ulanzi, wa mnazi au wa mkonge, atafaidika zaidi akiunganisha Florence na Mendoza: moja kwa asili na kanuni za unywaji, nyingine kwa vyombo na sheria. Magliabechiano iwe ya tatu.

Anayetaka mkono ulio karibu zaidi na wa kale hana njia ya mkato. Ni Borbonicus, lakini aende na daftari la alama za siku alizozikariri kutoka kwingine, na awe na Kitabu cha 4 cha Florence wazi kando yake.

Na ukiwa na saa moja tu ya jioni, bila mpango wowote wa kuendelea, fungua jani la 71 ukuze picha mpaka bibi ajae kwenye kioo. Angalia povu. Kisha soma habari ya Mlima wa Povu na mkuu aliyekunywa kikombe cha tano, halafu urudi kwa bibi umtazame tena.